Springi Zilizokataa Kushuka

Pikipiki yangu niliikaza mwenyewe kwa ajili ya mahindi. Nabeba magunia kutoka Mazingara hadi Handeni mjini, njia ya makorongo matupu, na shokapu laini huko hazifai: ukiingia shimoni tairi linagonga madigadi. Kwa hiyo zile ringi zinazoshikilia springi za nyuma nilizizungusha kwa spana hadi ngazi ya juu kabisa. Ukiwa na mzigo inatulia. Ukiwa huna, inakurusha utadhani umeikosea adabu.

Basi dada yangu akanipigia simu kutoka Mashewa. Mama lazima apelekwe hospitali Korogwe, mgongo umemzidi, na mvua imeharibu njia, gari haifiki. Mgongo ule, juu ya pikipiki ile? Si ningemmaliza mwenyewe.

Nilipofika nikamwamkia, "Shikamoo mama," nikashika spana kabla hata ya kukaa. Nikalegeza springi kidogo. Kujua kama shokapu zinamfaa mtu si kazi: anapanda, unaangalia springi zinavyobonyea. Zikishuka kiasi, zitameza mashimo. Zisiposhuka, kila jiwe atalisikia kwenye uti wa mgongo.

Dada akapanda kujaribu, zikashuka vizuri. Nikamshukuru Mungu mapema mno. Alipopanda mama, hazikutikisika.

Nikalegeza tena, akapanda tena. Hola.

"Unanipimapima nini kama fundi cherehani?" mama akaniuliza. "Nguo zangu ninazo."

Nikacheka kwa mdomo tu. Nililegeza hadi ringi zikawa hazina tena pa kwenda. Nikachuchumaa nyuma ya tairi, kiganja kwenye springi, mama amekaa na uzito wake wote, na springi imesimama vilevile. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni huku ana ndoo ya maji kichwani. Kwenye simu kila mara ananiambia anakula vizuri. Nikamtazama dada, akaangalia pembeni. Niliogopa, tena sana.

Kilichobaki kulegezwa ni upepo. Nikapunguza wa tairi la nyuma, tukaondoka mdogomdogo, dada akabaki.

Maumivu yakimzidi mama huhamia Kishambaa, kwa hiyo kila shimo nilitega sikio nisikie Kishambaa. Kimya. Tukavuka korongo baya, kimya. Na nyuma pikipiki ilikuwa nyepesi, kama naendesha peke yangu. Nikajiambia acha ujinga, angalia njia. Moyo ukakataa. Nikafunga breki palepale kwenye matope, nikageuka.

Alikuwepo, ameishika keria kwa mikono miwili, macho kayafumba.

"Mbona umesimama, baba? Nenda."

Nikamwambia aiache keria, anishike mimi kiunoni, nijue kama yupo.