Orodha ya Walimu Bila Mama Kahindo

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ufunguo mmoja, daftari moja na meza ambayo mguu wake wa nne ulikuwa jiwe la volkano. Nilikuwa kijana kutoka upande wa Bukavu, nimevaa suti ambayo kaka yangu alifungia ndoa, na cheo changu kilikuwa appariteur, maana yake karani anayeandikisha wanafunzi na kutunza majina yao. Chuo chenyewe kilikuwa vyumba vinne vya mbao katika mtaa wa Mabanga, mjini Goma. Tulikiita chuo cha jamii, kwa kuwa hakikujengwa kutoa madaktari wala mawakili. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu wa mtaa ufundi ambao mtaa wenyewe unauhitaji. Vijana wanaoongoza vyuo leo wameniomba niandike tulivyokuwa tukifanya. Nitaandika, ila wasitegemee kujivuna, maana mengi ninayoyakumbuka yananitia aibu.

Mkubwa wetu alikuwa padri tuliyemwita Père Coordonnateur, mtu mrefu, mkali, asiyependa hotuba. Juma la kwanza alinituma nizunguke Mabanga nzima kuuliza tufungue section gani, yaani idara gani mpya ya masomo. Nilirudi na majibu ya kurasa mbili. Aliyasoma akacheka.

"Wewe umeuliza batu banataka kusoma nini," aliniambia. "Bote batakuambia udaktari, droit ya mawakili, informatique ya kompyuta. Rudi. Uliza banatupa nini kwa jalala."

Nikarudi. Wanawake wa sokoni walikuwa wanatupa samaki. Samaki walitoka Vitshumbi, kijiji cha wavuvi ziwani, kwa barabara mbaya, na gari likikwama siku moja tu, nusu ya mzigo imeshanuka. Hivyo ndivyo section ya kuhifadhi samaki ilivyozaliwa. Mpaka leo sijaona njia bora kuliko hiyo ya kupanga chuo. Mtu ukimuuliza anachotaka atakujibu kwa heshima, lakini jalala lake halina heshima, linasema kweli.

Mwalimu tulimpata palepale sokoni. Mama Kahindo alikuwa mfanyabiashara kutoka upande wa Butembo, mjane, aliyeacha shule darasa la nne. Lakini samaki wake hawakuoza. Alijua chumvi ya kutosha siku tatu na ya kutosha mwezi, alijenga tanuri la moshi kwa mawe na udongo, na alipima ukavu kwa kubonyeza nyama iliyo karibu na uti wa mgongo. "Macho inadanganyaka," aliwaambia wanafunzi. "Kidole, hapana." Alikuwa na ulimi mkali. Kijana aliyechelewa darasani aliulizwa kama samaki naye atamngoja.

Baada ya miaka mitatu nilipelekwa Bunagana, mpakani, kuongoza tawi letu dogo lililofundisha vijana kujaza karatasi za forodha. Huko nilijifunza jambo ambalo afadhali nisingelijua: karatasi ikiwa safi, ni wachache wanaofungua mzigo. Nilirudi Goma nikiwa Secrétaire académique, mtu anayepanga ratiba na kugawa masomo kwa walimu. Père alipohamishwa, nikawekwa mimi kuwa Directeur. Mke wangu alipika kuku wawili, na nikaanza kutembea polepole kama watu wakubwa.

Mwaka wangu wa pili tulipata barua ya viabilité. Huo ni ukaguzi wa serikali wa kuamua kama chuo kinastahili kuishi au kifungwe. Wakaguzi huanza na orodha ya walimu: jina, cheo, somo. Kila somo lilitaka mtu mwenye diploma ya chuo kikuu. Kulikuwa pia na nafasi ya praticien, fundi anayefundisha kwa uzoefu wake, lakini nafasi hiyo iliomba barua ndefu ya maelezo na kusubiri jibu la Kinshasa. Barua hiyo ningeweza kuiandika. Sikuiandika. Niliogopa kuulizwa maswali, nikaona ni rahisi zaidi kuweka jina la Assistant Bahati, mwalimu msaidizi, kijana mwenye diploma ya biolojia, ambaye samaki alimjua sahanini tu.

Nikaingia darasani nikawaambia wanafunzi: "Mukiulizwa mwalimu wenu ni nani, ni Assistant Bahati. Tumeelewana?" Wakaitika. Mama Kahindo nilimwomba asije siku ya ukaguzi. Nilimwomba vizuri, na akanielewa vizuri.

Kumbe wageni walichelewa siku moja. Walipofika, yeye alikuwa kazini, amesimama mbele ya wanafunzi wake, kisu mkononi, chumvi hadi kwenye viwiko. Mkuu wa wakaguzi, mtu wa miwani mizito, akaangalia orodha, akamwangalia.

"Na huyu mama?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Ilikuwa nafasi ndefu kabisa, mtu angeweza kuvuta pumzi mara mbili.

"Ni mama wa usafi, Chef," nikasema.

Wanafunzi ishirini walinigeukia. Mama Kahindo aliweka kisu mezani, akaokota ndoo ya maji machafu, akatoka bila kuniangalia. Assistant Bahati akasimama mahali pake akaeleza chumvi kwa maneno ya kitabuni, na mkaguzi akaandika. Mchana tuliwaandalia wageni chakula. Aliyeosha sahani alikuwa Mama Kahindo. Hakuna aliyemwagiza. Alijua kwamba wakimwona amekaa tu, uongo wangu utajulikana na chuo kitafungwa. Mimi nilikuwa nakunywa bia na wakubwa, naiona mikono yake kwenye beseni, na nikamimina ya pili kwenye glasi. Chuo kilipita.

Nadhani mngetegemea kwamba baada ya hapo nilirekebisha. Njia ya mwongo ni fupi, husema wahenga, lakini yangu niliirefusha miaka saba. Kila ukaguzi ulipokaribia, Mama Kahindo alikuja mlangoni kwangu, mikono kiunoni, akauliza: "Papa Directeur, leo niko nani?" Mara alikuwa wa usafi, mara mpishi, mara mzazi wa mwanafunzi. Tulicheka wote wawili. Mimi nilicheka kwa nguvu zaidi, na hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu kicheko changu kilikuwa cha kumzuia asiendelee.

Kisha shirika moja likatafuta mtu wa kuwafundisha wanawake wa Vitshumbi kukausha samaki. Ilikuwa kazi ya mkataba mzuri, na kazi yake haswa. Walitaka attestation, barua ya chuo inayothibitisha kwamba mtu amefundisha. Mama Kahindo alikuja amevaa kitenge chake cha Jumapili.

"Niko naomba karatasi moja tu, Papa. Andika kama nilifundisha."

"Mama, nikiandika hivyo, liste yetu ya walimu itaonekana ya uongo."

"Iko ya uongo tangu zamani."

"Watafunga chuo."

"Basi mimi nilifanya nini hapa miaka yote? Niambie. Nilikuwa nafagia?"

Nilipanga karatasi zilizokuwa zimekwisha kupangwa. Alisimama pale mpaka alipoona sitainua kichwa, akaondoka, na hakufundisha tena. Kazi ya Vitshumbi aliipata Assistant Bahati, kwa barua niliyoisaini mimi, na kwa barua hiyo alikuwa mwalimu wa samaki wa miaka saba. Kabla ya kusafiri alikwenda kwa Mama Kahindo kuomba amwonyeshe namna ya kujenga tanuri. "Wewe ndo mwalimu," mama alimjibu. "Mimi ni wa usafi. Soma mu kitabu yako."

Nilistaafu kwa sherehe. Walinivisha shada, wakasema nimekiokoa chuo. Mama Kahindo tunasali parokia moja. Tunapopeana amani hunipa mkono na kuniita Papa Directeur mbele ya watu, kwa adabu kamili, na kila mara natamani angenitukana.

Ninyi mnaoongoza vyuo, ratiba na bajeti mtajifunza wenyewe. Mimi nawaambia hili moja: niliacha mtu afutwe ili kazi yake ibaki, nikaita hiyo uongozi. Ilikuwa woga tu.

Mwezi uliopita niliandika ile attestation kwa mkono wangu. Nilitaja jina lake lote, somo, miaka, na kwamba orodha zote nilizosaini zilikuwa za uongo. Bila muhuri wa chuo haina maana, kwa hiyo nikaipeleka kwa Directrice wa sasa, Mama Espérance. Ni mtoto wa chuo chetu, alisoma section ya samaki, na ni mwanamke hodari, mwenye bidii kuliko mimi. Aliisoma mpaka mwisho, akaikunja taratibu, akanirudishia.

"Muzee, hii siwezi kuweka muhuri. Commission ya ukaguzi iko njiani."

"Lakini unajua ni kweli. Alikufundisha."

"Najua. Siku ile ya wakaguzi nilikuwa kwa benchi ya pili." Akavuta kiti karibu na changu, akapunguza sauti kama mtu anayempa mzazi wake habari njema. "Papa, bila wewe hii chuo ingelikufa. Mimi nilikuangalia sana. Sasa niko na fundi mumoja wa mawe, anafundisha hapa, muzee sana, diploma hana. Batoto banamupenda kabisa. Kwa liste nimemuweka sentinelle, mulinzi wa mulango."

Nikamuuliza huyo mzee anasemaje.

"Hasemi kitu," alisema. "Anacheka tu."

Kisha akasimama, akanisindikiza hadi nje, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa kumfundisha kazi.