Taa Mbili Kwenye Kona

Ulikuwa mwaka ambao barabara yetu ilitiwa lami. Hapana, nadanganya. Lami ilitiwa mwaka uliotangulia, maana nakumbuka mashimo yalipokwisha nilikaa miezi mitatu nikizibia watoto mipira tu, pancha hakuna. Basi ulikuwa mwaka uliofuata, madereva walipokwisha kuizoea lami na kuanza kukimbia kama wanaofukuzwa na nyuki, na trafiki nao wakaletewa tochi. Tochi yenyewe si ya kumulika gizani. Ni kile kidude cha mkononi ambacho trafiki anakuelekezea ungali mbali, kikamwambia unakwenda mwendo gani. Ukishapigwa tochi huna la kujitetea.

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa kike, alikuwa dereva wa lori la saruji. Mtu mnene, mpole, aliyezungumza na lori lake kama mke mwenza. "Haya bibie, kilima hicho, usiniaibishe." Kila asubuhi alilipangusa kioo kwa fulana kuukuu, na mdogo wangu akinung'unika kwamba fulana ile ilikuwa bado nzima.

Njiani wenzake walimwita Taa Mbili. Madereva wana lugha yao. Ukikutana na mwenzako akakuwashia taa mara moja, hiyo salamu. Akiwasha mara mbili, mbele kuna trafiki, punguza. Wako waliofanya utani na lugha hiyo, lakini shemeji kamwe. Walisema, Taa Mbili akikuwashia, hata kama umechelewa harusi yako mwenyewe, shika breki.

Naye alizihitaji taa za wenzake kuliko yeyote, kwa sababu alikwisha kupigwa tochi mara mbili. Bosi wake alikuwa na sheria moja: kosa la tatu, acha ufunguo wa lori mezani, nenda nyumbani.

Sasa, banda langu la tairi liko kwenye kona, chini ya shule ya msingi. Kibao chenye picha ya watoto kipo, kimechorwa vizuri tu, ila madereva walikiona kama pambo. Mchana mmoja kitinda mimba wa shemeji alikuwa anavuka kutoka shule, basi likakata kona. Mtoto aliruka. Kiatu kikabaki. Nilikiokota kimekuwa bapa kama bahasha, nikakiosha kwenye beseni langu la kutafutia pancha. Mimi ndiye mjomba wake, na nilikuwa nimeshika spana, nimesimama tu.

Jioni shemeji alikigeuzageuza kile kiatu, akakiweka mbele ya usukani.

Kesho yake akaanza. Kila gari alilokutana nalo likielekea kwenye kona, aliliwashia taa mbili. Magari yakashika breki, yakaizunguka kona taratibu kama bibi harusi, yakanikuta mimi na jeki yangu. Trafiki hakuna. Wiki ya kwanza walicheka. Wiki ya pili dereva mmoja wa lori la mafuta, tuliyemwita Mdomo, alisimama bandani kwangu.

"Fundi, shemeji yako ana wazimu au ana deni na breki zangu?"

"Kuna watoto hapo," nikamwambia.

"Watoto si trafiki! Taa mbili ni trafiki. Mwambie njia ya mwongo ni fupi, na ya kwake ina kona."

Walicheka wote waliokuwapo. Nami, Mungu anisamehe, nilitabasamu kidogo.

Kisha wakamsusia. Dereva akikutana na Taa Mbili, hata trafiki awe amejipanga mbele kama mkuyu, anapita tu, taa zake hazimjui. Nilimwambia shemeji akiwa amekaa juu ya ringi langu, anapuliza chai.

"Shemeji, ufunguo utaupoteza hivi hivi."

"Kibao wanakiona, hawakiogopi. Trafiki hawamwoni, wanamwogopa. Mimi nifanyeje?"

"Waambie ukweli."

"Niliwaambia. Mdomo akaniambia watoto wafundishwe kukimbia."

Basi akawa anakwenda kama kobe, maana hakuwa na macho ya mtu mwingine ila yake mawili. Saruji ikachelewa, bosi akanuna. Wiki sita alivumilia. Siku moja walimchelewesha kwenye kupakua, akashuka kilima chetu akifukuza saa, na trafiki alikuwa chini, ng'ambo ya banda langu. Magari matatu yalikwisha kupishana na shemeji. Hakuna lililowasha.

Lori likasimamishwa. Mikono yangu ilikuwa ndani ya beseni, nikaiacha humo humo. Nilimwona shemeji akishuka na leseni mkononi, kofia amevua. Nilikuwa mbali, sikusikia neno. Trafiki akafungua kitabu. Shemeji akarudi ndani ya lori, akatoka na kile kiatu. Trafiki akakishika, akakigeuza, akaitazama kona, akamtazama shemeji. Wakazungumza kwa muda mrefu, tyubu yangu ikaisha mapovu. Halafu trafiki akafunga kitabu bila kuandika, akamrudishia leseni.

Kesho yake, saa ya watoto kutoka, trafiki yule akaja bandani kwangu, akanisalimu kwa adabu, akakaa nyuma ya rundo la tairi na tochi yake. Shemeji alipita akipanda kilima, na kama kawaida aliwawashia wote waliokuwa wanashuka. Wakapigwa tochi kumi na mmoja. Wa kwanza alikuwa Mdomo.

"Alikuwashia?" nikamwuliza.

"Aliniwashia," akasema, uso umemshuka. "Nikacheka, nikaongeza moto."

Tangu siku hiyo heshima ikarudi. Mdomo mwenyewe alikuja kumwomba radhi, na taa zake zikawa za kwanza kumwashia shemeji popote. Kila dereva akawa anawasha mbili kwenye kona yetu, trafiki awepo asiwepo. Hata leo wanafanya hivyo, vijana ambao hawakumjua. Shemeji aliendesha miaka kumi na minne zaidi, na ufunguo aliukabidhi mwenyewe siku ya kustaafu, umepanguswa kwa fulana.

Lakini mimi nina ugonjwa wa kufikiri. Wale kumi na mmoja walikuwa wenzake, nao wana watoto na mabosi. Mmoja wao alipoteza kazi kwa ajili ya siku ile, namjua. Nilimwuliza shemeji mara nyingi, akacheka, akasema, "Kaza nati, shemeji." Trafiki alileta pikipiki yake kuzibwa pancha, nikamwuliza, akasifu kiraka. Mdogo wangu akaniambia, "Kaka, mtoto si yupo? Yaache." Nikayaacha. Shemeji sasa amelala juu kule nyuma ya shule, na nikienda kumpalilia majani namwuliza tena, polepole, asije akasikia mwingine: shemeji, siku ile ulimwomba aje, au alikuja mwenyewe?