Leo nimeongea kama meneja

Leo nimenyamazishwa kwenye banda la mpira hapa Kyimo.

Timu yetu imeshuka daraja. Mechi ya mtoano, tumepigwa tatu, wachezaji wanatembea uwanjani kama wanasindikiza wageni! Wiki nzima waligomea mazoezi, wanadai mishahara.

Nikapandwa na hasira: "Mastaa wa siku hizi wana kiburi! Hawataki kazi, wafukuzwe wote!"

Dada Tumpe, tunayechuma naye chai, hata hakugeuka.

"Ndivyo meneja wa shamba alivyosema siku tulipogoma tukapindua matenga ya chai."

Banda zima wakanigeukia.

Na siku ile, jamani, tenga la kwanza kupinduliwa lilikuwa langu.

Ungekuwa wewe ungemjibu nini? Mimi nimetoka zangu mvuani. Timu imeshuka, na sina hata wa kumtukana.