Mlango wa Nyumba ya Beya

Mushiya alizaliwa Kolwezi, na miguu yake ilikufa Kolwezi, alipokuwa na miaka mitatu, kwa homa ya juma moja. Baba yake, Beya, alikuwa mwashi wa kampuni ya migodi. Hakulia mbele za watu. Alichukua nyundo, akavunja ngazi mbili za mlangoni kwao, akamwaga saruji, akaikwaruza kwa ufagio kabla haijakauka ili gurudumu lisiteleze. Kisha akaenda kwa padri kuomba ruhusa ya kuvunja ngazi za kanisa. Baada ya kanisa, zahanati. Baada ya zahanati, shule, na mwishowe ofisi ya simu, ambako Mushiya alifanya kazi miaka kumi na tisa akiunganisha sauti za watu wasiojua kwamba hasimami. Kwa kila shubiri ya kimo, Beya aliwaambia vijana wake wa kazi, hatua mbili za urefu. Ukipunguza, umemjengea mbuzi.

Hivyo Mushiya aliujua mji kwa miteremko yake. Kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa mikono, alifika popote baba yake alipopita na nyundo. Nje ya hapo, mji ulikuwa ukuta.

Ukaja mwaka wa 1993. Beya alikuwa amekwisha kuzikwa. Watu waliomsalimia Mushiya kila asubuhi wakaanza kumwuliza kwao ni wapi. Vijana wenye fimbo walipita barabarani wakiimba kwamba Wakasai warudi kwao, na yeye, Mkasai kwa wazazi lakini ambaye hakuwahi kuvuka mji jirani wa Tenke, akajikuta stesheni pamoja na mdogo wake Henri na maelfu ya wengine, chini ya maturubai, wakingoja treni.

Siku zile aliyefukuzwa aling'oa mlango wa nyumba yake akaondoka nao, ili huko aendako aanze na kitu. Henri alikataa. "Tukiung'oa, tumekubali haturudi," alisema. Akaufunga, akatia ufunguo mfukoni. Mushiya alimsifu. Sasa alikuwa akiyajutia maneno yale kila alipoyatazama mabehewa. Sakafu zake zilifika kifuani mwa mtu mzima, na stesheni palikuwa mahali ambapo Beya hakupewa ruhusa ya kuvunja hata tofali moja. Mlango mmoja tu ungetosha kuwa mteremko. Lakini baada ya majuma matatu ya mvua, milango mingi iliyoletwa stesheni ilikuwa imekwisha kuwa kuni, na iliyobaki ilipakiwa kwanza, chini ya magunia.

Treni yao ilifika Alhamisi, kabla ya adhuhuri. Askari akatangaza kwamba ingesimama nusu saa.

"Yaya, ntakubeba mu mugongo," Henri alimwambia dada yake. "Ile kinga ya magurudumu tuiache."

"Na kule ntatembea na nini? Na mugongo yako?"

"Tutatafuta ingine."

"Kule tata alivunja ngazi gani, Henri? Nionyeshe moja tu."

Wanaume wanne walijaribu kuiinua baiskeli, lakini ilikuwa imeundwa kwa mabomba ya karakana, nzito kama jeneza, na mikono yao ilikuwa ya njaa. Wakaiweka chini, wakarudi kwa watoto wao.

"Mama, kuya wewe peke!" mwanamke mmoja alimpigia kelele kutoka juu. "Ile chuma itakula nafasi ya batoto bane!"

Mushiya alijua kwamba ilikuwa kweli. Behewa lilikuwa linajaa.

Ndipo akaona mlango ukija juu ya vichwa vya watu. Ulikuwa wa kijani, na usawa wa goti ulikuwa na mkwaruzo mrefu, ule ambao gurudumu lake liliuchora kwa miaka thelathini. Chini yake alikuwa Kitenge, jirani yao, mtu wa kaskazini mwa mkoa uleule, ambaye hakufukuzwa, aliyejifunza uashi mkononi mwa Beya. Kitasa kilikuwa kimevunjwa.

Mkono wa Henri ulienda wenyewe mfukoni, kwenye ufunguo.

"Uko mu nyumba yetu," alisema.

"Niko, tangu Lundi, siku tatu sasa, na bibi na batoto batano. Kama si mi, ni bale ba fimbo." Kitenge alikuwa akihema. "Utanitukana kisha, Henri. Shika huku."

Wakauegemeza mlango kwenye behewa, wakapanga mawe ya reli chini yake. Kitenge akarudi nyuma, akautazama kwa uchungu.

"Muteremuko mubaya. Tata Beya angenipiga na nyundo."

"Angesema umejengea mbuzi," Mushiya alisema, na kicheko kikamtoka bila kutaka.

Henri akapanda, akaivuta baiskeli kwa kamba kutoka juu, Kitenge akasukuma kwa bega. Katikati magurudumu yakateleza juu ya rangi yenye unyevu, na kwa pumzi moja Mushiya aliona anga tu. Kitenge akavua shati, akalitandika chini ya gurudumu. Mbao zikalia. Kisha Mushiya akawa juu, kati ya magunia na watoto.

Filimbi ikalia. Kitenge akainama kuchukua mlango wake. Ulikuwa wake sasa: huko nyumbani walikuwa wanawe watano, na wenye fimbo walikuwa bado barabarani. Mushiya alilijua hilo. Alitazama chini, kimo chote kile, na mdomo ukatangulia moyo.

"Kitenge. Kule ntashuka namna gani?"

Kitenge alisimama ameushika mlango kwa mikono miwili. Treni ikashtuka, ikaanza kusogea. Akapiga hatua tatu, nne, kisha akakimbia, akausukuma ndani mpaka ukagonga magoti ya Henri.

"Hatua mbili!" alipaza sauti. "Ubaambie kule, hatua mbili!"

Henri alikaa na mlango mapajani na ufunguo mkononi. Mushiya alitazama mgongo ulio wazi wa Kitenge ukipungua katika umati. Aliiona nyumba kana kwamba yuko mbele yake, na mteremko wa baba yake, uliokwaruzwa kwa ufagio ili mtu asiteleze, ukiingia ndani moja kwa moja, bila kizuizi, kwa yeyote mwenye magurudumu, au miguu, au fimbo.