Ain ya Msichana wa Singe

Mkoa wetu ulikuwa mpya na Babati ilikuwa ikijaa wageni wa maofisini, lakini kwenye madrasa yetu ya Maisaka mambo yalikuwa yale yale: ustadhi anasoma, sisi tunaitikia.

Akaja msichana kutoka Singe, Mwiraqw, mrefu kuliko sisi wote. Baba yake alikuwa amesilimu karibuni. Ustadhi alimjaribu kwa herufi za Kiarabu, zikamshinda, akamkalisha mkeka wa watoto wadogo.

"Ulimi wa shamba huo," alisema mbele yetu sote.

Iliniuma sana. Herufi nilikuwa nazijua, mama alinifundisha dukani kwake, basi nikamkaribisha msichana yule barazani kwetu kila baada ya alasiri. Tulitumia juzuu moja. Mmoja anasoma, mwenzake anafuatisha kwa kijiti, ukikosea, unasimamishwa. Nilimwonyesha jinsi herufi inavyobadilika umbo ikiungana na nyingine. Alishika upesi.

Siku moja akanisimamisha mimi.

"Hiyo siyo herufi ain. Wewe unasema 'a' tu. Ya ustadhi inatoka huku," akagusa koo. "Hata Kiiraqw tunayo. Nyumbani tunaisema kila siku."

Akanirudisha kwenye neno lile lile mpaka koo langu likakubali.

Juma lililofuata ustadhi alinisikia nikisoma, akafurahi. "Mashaallah. Ain hiyo nani kakufundisha?"

Nikamwonyesha msichana wa Singe, nikamwambia tunasomeshana barazani kwetu. Darasa zima likacheka, na ustadhi naye akacheka.

"Msikilize kwanza, ustadhi," nikasema.

Msichana alisoma ukurasa mzima bila kukwama. Ustadhi akasema, "Amekariri."

Nikafungua ukurasa mwingine. Ustadhi akaifunga juzuu mikononi mwangu. "Mtoto hamfundishi mtoto mwenzake. Anayetaka ya barazani, akabaki huko huko."

Msichana alijifunga mtandio wake vizuri, akatoka. Nami nikamfuata.

Kesho yake mama alikwenda kwa ustadhi, akaambiwa mwanawe hana adabu.

"Adabu anayo," mama alimjibu. "Amekuomba usikilize, ukakataa."

Hatukurudi tena. Tuliendelea barazani, wakajiunga nasi wasichana wa Nakwa, tukisomeshana wawili wawili hadi tukahitimu msahafu wote.

Ustadhi alishafariki. Watu wakimsifu kwamba ametulea, nanyamaza kwa heshima ya marehemu. Lakini hasira haijanitoka. Alimsikia mtoto akisoma sawasawa, kwa masikio yake mwenyewe, akachagua kumwita mwongo.