Nabii alivyochemsha farasi wangu sita kwenye sufuria ya ugali

Wakuu, habari za huko mliko. Hili limenitokea mimi mwenyewe, nyumbani kwangu Hayes hapa London. Mke wangu ameniruhusu kuliandika kwa sharti moja, nisijipendelee. Nitajitahidi.

Mwaka jana pallet ya mizigo iliniangukia mkono wa kulia kazini, warehouse. Vidole viwili vikawa havikunji vizuri. Physio, yule wa mazoezi ya viungo, akasema nitafute kazi ndogondogo ya vidole, kama kushona au kuchora.

Kushona siwezi.

Mtaani kwetu kuna mzee wa Kihindi mwenye duka, tunamwita Mzee Kanji. Kazaliwa Moshi, na Kiswahili chake kinanishinda mimi. Nilipomweleza akaingia stoo, akatoka na boksi la wanajeshi wa plastiki. Wapanda farasi sita, kila mmoja saizi ya kidole gumba. Watu wazima hapa wanawapaka rangi halafu wanawapiganisha mezani kwa rula na dadu.

"Anza na hawa," akaniambia. "Ukiharibu, farasi hatakusema."

Nilicheka. Mwanaume wa miaka arobaini na moja kutoka Singida, nikae napaka rangi midoli.

Wiki ya pili nilikuwa sicheki tena.

Nieleze kidogo kazi yenyewe, maana kesi ilianzia hapo. Unampachika kila mmoja juu ya kizibo cha chupa ili umshike bila kumgusa. Unapuliza rangi ya kwanza, nyeusi. Halafu unapaka rangi nyepesi, tabaka juu ya tabaka, kwa brashi ya manyoya yenye ncha kama sindano. Mwisho ni kitako, kile kisahani anachosimamia farasi. Unapaka gundi, unamwagia mchanga, unabandika vishungi vya nyasi bandia.

Mchanga uliokuja na boksi ulikuwa wa kijivu, kama majivu ya sigara. Nikaudharau. Nilikuwa na bahasha ya udongo mwekundu niliouchota shambani kwa marehemu baba, nikautumia huo. Wakapendeza mno. Nikawapanga dirishani sebuleni, na kusema kweli nikitoka kazini nilikuwa nawaangalia wao kwanza kabla ya mke.

Sasa mke. Anaitwa Happy, ni carer, anahudumia wazee. Viza yake inanitegemea mimi, tulikuwa tumeomba extension, aongezewe muda, na majibu hayaji. Simu ikilia tu anashtuka. Rafiki yake wa fellowship akamwambia yupo mtumishi anayefungua makaratasi yaliyofungwa.

Mtumishi mwenyewe ni kijana wa suti ya bluu na viatu vya ncha, anajiita Nabii. Hana kanisa, ana simu tatu. Katika mambo yote aliyowahi kutabiri, nililoona ametabiri sawasawa ni muda wa chakula.

Siku hiyo nilitoka shift ya asubuhi, nafika nyumbani saa tisa mchana nakuta harufu ya ajabu. Jikoni Nabii kakunja mikono ya shati, anakoroga sufuria kwa mwiko. Happy kasimama pembeni kashika Biblia, macho mekundu.

Nikachungulia. Farasi wangu. Gundi imeachia, plastiki imelegea, miguu imepinda kama tambi. Na maji ni mekundu.

"Unaona, ndugu," Nabii akaniambia kwa upole wa daktari anayeleta habari mbaya. "Damu imejitokeza. Hawa ndio wamekanyaga karatasi za dada."

Akaanza kunisomea mashtaka. Vinyago sita vya watu. Manyoya ya mnyama. Udongo kutoka kwenu. Jinsi alivyopanga ushahidi, wakuu, hata mimi kwa sekunde moja niliogopa.

Sikubishana naye. Nilichukua glasi ya maji ya bomba, nikaenda kuleta bahasha yangu, nikamwagia udongo uliobaki na kukoroga kwa kijiko. Ikawa nyekundu vilevile. Nikamwekea mbele yake.

"Na hii ni damu ya nani?" nikamuuliza.

Akaitazama. "Anayebisha ndiye aliyefungwa zaidi," akasema, akaomba koti lake. Wali alishakula.

Nilipofunga mlango niliingia na hotuba. Nilimwambia Happy kila kitu ninachofikiria kuhusu watu wanaokabidhi akili zao kwa mtu wa viatu vya ncha. Nilikuwa mtamu wa maneno siku hiyo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema taratibu, "Yule alinisikiliza saa nzima. Wewe kila nikikuuliza kama wametujibu, unaniambia ngoja rangi ikauke. Umewahi kuangalia email hata mara moja?"

Fomu nilijaza mimi. Email ni yangu.

Nikafungua simu mbele yake ili kumwonyesha kwamba hakuna kitu. Kilikuwepo. Watu wa uhamiaji waliandika siku nyingi nyuma, wanaomba payslip zangu mpya za mshahara. Zilikuwa zimebaki siku nne muda uishe. Email ilikuwa haijafunguliwa.

Happy aliisoma mara mbili, akaniachia simu mkononi, akaenda kukaa kitandani. Kelele hakunipigia. Angenipigia ingekuwa nafuu.

Nili-upload zile payslip palepale nimesimama jikoni, sufuria bado inatoa moshi. Nabii ni tapeli, hilo silifuti. Lakini katika nyumba ile ni yeye peke yake aliyekuwa amesema kwamba tatizo ni wale farasi wa dirishani, na kwa sababu za kijinga kabisa alikuwa amepatia.

Majibu yalitoka baadaye, Happy kapata viza. Nabii hakuchelewa. Akatupa ushuhuda kwenye group la fellowship, jinsi alivyowateketeza farasi sita wa kuzimu akiwa Hayes. Amina zikamiminika.

Happy akajibu maneno mawili, "Zilikuwa payslip." Halafu akatoka kwenye group.

Mimi najifunza hivi. Dharau ni tamu sana kwa sababu inakuepusha kujitazama. Nilimcheka Nabii, nikamcheka mke wangu kwa kumwamini, kumbe mtu wa kuchekwa alikuwa na brashi mkononi. Siku hizi email tunafungua wote wawili, Jumapili baada ya chai, ndipo naruhusiwa kugusa rangi.

Nimeweka wazi, mnaweza kunishambulia. Ila mlioko ughaibuni nijibuni kwa ukweli: ni nani nyumbani kwenu anayefungua barua za uhamiaji, na mara ya mwisho mlimuuliza lini?