Vile niliuaka Masere Lina na simu

Mucheke tu, miye nilishazoea, mu soko ya Butembo bamama bananiita mupaka leo Mama Kilio, nikipita kununua sombe banauliza: "Katungu, leo nani alikufa?" Haya ile iko yangu, siikatale, nilijitafutia mwenyewe.

Masere Lina (mutawa wa Ulaya, alikaa na siye miaka mingi) njo alianzishaka jiko ya uji mu parokia yetu, juu ya batoto ya bale balikimbia vita upande ya Beni. Magoti ikamushinda, akarudia kwao, lakini kila mwezi alikuwa anatutumia unga na sukari, na miye njo nilibakia mukubwa ya sufuria. Kisha magunia ikakatika. Miezi tatu hakuna kitu, hakuna simu, na kila siku ya posho, njo Jumamosi, batoto banakuja na bikombe yabo, banakaa, banaangalia sufuria ya baridi, nabaambia murudie nyumbani, na moyo inaniuma sana.

Basi asubui moja naona foto ya Masere mu simu, mutawa mwenzake wa kule aliiweka: Masere anacheka, pembeni maua nyeupe, mbele yake mushumaa inawaka, chini maneno ya luga yabo, sijue hata moja. Mushumaa na maua! Ninyi bote muniambie, huku kwetu mutu akiwekwa mu simu na mushumaa, iko muzima?  Nikapiga namba yake, haikuingia (mara moja tu, nakubali, mara moja). Nikasema: donc njo maana magunia ilikatika. Nikalia, na pahali ya kufunga mudomo nikatia ile foto mu statut yangu na mishumaa tatu: "Mama yetu ametuacha."

Hiyo tu. Sijamaliza hata kufagia, simu inalia kila pande, na mbele ya saa sita Abbé, padri wetu, ananiita: "Katungu, ni nani alikuambia?" Eh, mbele ya Abbé niseme niliona mushumaa? Nikajibu: "Ni famiye yake, Abbé." (Mungu anisamehe.) Saa ile ile akatuma bapige kengele.

Kesho yake kilio ikasimama mu kiwanja ya parokia: bâche ya kivuli, mikeka, foto yake kubwa na kitambaa nyeusi, bugali, maharagi, samaki kavu ya Kyavinyonge, hata mukubwa moja ya jeshi, mutu wa Kinshasa, alikuja kulia na Lingala yake. Nikashika micro. Uchungu nilikuwa nayo kweli, na pia, niseme tu, batu bote balikuwa bananiangalia miye. "Bamama, Masere alikufa, mais sufuria yake hapana kufa! Mbele ya foto yake naapa, kila siku ya posho nitapika. Nani ataapa na miye?" Mama moja wa Kirumba akasimama, akaapa, akatua beseni ya unga chini ya foto. Mwingine soya. Mwingine maharagi. Tukalia vile sikulilia hata baba yangu.

Katikati ya ile kulia, mudogo yangu Kavira anapiga simu toka Beni: "Yaya, namuona Masere Lina hapa uwanja ya ndege, anapanda gari!" Nikamuambia: "Kavira, ni uchungu, kunywa maji, usali." Akapiga tena. Nikazima simu.

Yesu Maria! Mangaribi jeep ikaingia mu kiwanja, mulango ikafunguka, na mufu akashuka na fimbo yake.

Wimbo ikakatika. Mama moja akaanguka, ule mukubwa ya jeshi akajificha nyuma ya sufuria (mutu mwenye bunduki!), na miye miguu ilikatala kukimbia, micro ingali mu mukono. Masere akaangalia bâche, akaangalia mikeka, akafika mbele ya foto yake.

"Nani alikufa?"

 Kisha nikasikia sauti yangu mwenyewe mu bafle: "Ni weye, Masere."

Kumbe ile foto ilikuwa ya sikukuu yake, miaka makumi tano ya utawa! Abbé akanigeukia: "Famiye yake, Katungu?" Nilitaka udongo inimeze. Na mabaya ya kweli ilikuwa haiyaanza: bamama bakacheka, bakapiga makofi, halafu moja moja bakaanza kuinua mabeseni yabo. "Mwenyewe amerudia, atalisha batoto yake." Mama wa Kirumba alishafika ku mulango.

Masere akauliza ile mabeseni ni ya nini, Abbé akamuelezea, na yeye akaninyanganya micro. Hakucheka.

"Bamama, mungoje. Nyumba yetu kule ilifungwa, tulibakia bazee tu, hakuna wa kuendelesha, njo maana magunia ilikatika. Nilikuja kubaaga. Njia yote toka Beni nilikuwa naogopa, batoto nitabaambia nini?" Akagusa foto. "Sasa nasikia muliniapia. Kwenu, kiapo ya ku kilio inarudishwaka?"

 Mama wa Kirumba akarudi polepole, akatua beseni pale ilikuwa.

"Mwasingya kutsibu," Masere akatushukuru na Kinande yetu, akakaa ku mukeka, akaomba sahani, akakula maharagi ya kilio yake.

Toka ile siku siweke tena mushumaa ya mutu mu simu, mupaka nishike mwili na mukono yangu. Na kila siku ya posho niko ku sufuria, moshi mu macho, juu niliapa mu micro, batu bote balisikia. Siku ya kuagana Masere alinishika mabega: "Katungu, siku nitakufa kweli, usifanye kilio ingine. Yangu nilishaikula. Weye upike uji."